Bi Mdogo wa Hia

Mume wangu hunijua tukiwa ndani ya gari tu. Nje ya gari mimi ni shangazi fulani, mara mpishi, mara mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Asubuhi namwosha uso, namvalisha shati, namfunga vifungo, na muda wote huo ananitazama kwa adabu ya mtu aliyelala ugenini. "Asante, shangazi," ananiambia. "Usijisumbue." Nimeolewa naye tangu nywele zangu zikifika kiunoni, leo naambiwa nisijisumbue.

Lakini nikimpeleka bandani, nikamfungulia mlango wa mbele wa kushoto, akaketi, na kufuli za milango zikajivuta zenyewe kwa ule mvumo wake mdogo, mambo yanabadilika. Anatazama juu. Anavuta hewa puani. Anapapasa mbao za mlangoni pale zilipopasuka. Kisha anageuka, ananitazama sawasawa, na kusema, "Muai, umefunga geti la nyuma?"

"Nimefunga, Hia."

"Na gesi ya jikoni?"

"Nimezima."

"Haya, twende. Na leo usikanyage breki kama unaua mende."

Hiyo ndiyo ndoa niliyobaki nayo. Inaanzia bandani, inakwenda hadi mkahawa wa nguruwe wa kuchoma karibu na mnara wa saa, inarudi. Hata kifungua kinywa tunakula ndani ya gari. Msichana wa mkahawa anatuletea nyama, maandazi ya mvuke na kahawa iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, anavipitisha dirishani, nasi tunakula tukiwatazama wapita njia na kuwasengenya. Hia ana ulimi mkali akiwa mle ndani. Anawakumbuka watu, nani alimdhulumu nani, binti wa nani alikimbia na nani. Akishuka tu nyumbani, tumeachana hadi kesho.

Mimi ni Urai, ila yeye hajapata kuniita hivyo. Tangu uchumba wetu mimi ni Muai, dada mdogo, na yeye ni Hia, kaka mkubwa. Hapa mjini Trang wote wanamjua kwa jina la Hia Wichian, mnunuzi wa mpira. Wakulima walimletea karatasi zao za mpira zilizokaushwa kwa moshi, akazipima, akaziuza bandarini, na kila nguo aliyovaa ilinuka moshi ule hata ukiichemsha.

Gari tulilinunua wakati ule bei ya mpira ilipopanda hadi wakulima wakawa wanavaa dhahabu shambani. Mimi nilitaka tuongeze ghorofa juu ya duka. Hia akapanda basi kwenda Hat Yai, akarudi anaendesha Mjerumani mweusi, mrefu hadi matako yake yanachungulia nje ya banda. Nikatoka na mwiko mkononi. "Hii ndiyo ghorofa?" nikamwuliza.

"Ghorofa haikupeleki popote, Muai," akanijibu.

Sasa, Hia alizaliwa Alhamisi, na aliyezaliwa Alhamisi hana bahati na kitu cheusi. Kila mtu alimwambia, hadi muuza kahawa. Kwa kuwa hakuwa tayari kubadilisha gari, alikwenda kuchapisha karatasi akaibandika kwenye kioo cha nyuma: GARI HILI NI LA RANGI YA CHUNGWA. Mkosi ukija, alisema, utasoma na kupita. Kisha tukalipeleka hekaluni kwa Luang Po Serm, mtawa mkuu, ambaye hata wakati ule alikuwa mzee wa kushikwa mkono. Akapiga goti kwenye kiti cha dereva, akachovya kidole kwenye unga mweupe uliokorogwa kwa maji ya uturi, akachora alama zake kwenye kitambaa cha dari, juu ya kichwa cha Hia. Mkono ulimtetemeka, mstari mmoja ukakimbia hadi kwenye taa. Hia akafurahi kweli. Akasema kinga yetu sisi ni ndefu kuliko ya wengine.

Nikalibatiza jina mimi mwenyewe: bi mdogo. Wenzangu wengi mjini waume zao walikuwa na bi mdogo wa nyama na damu, kapangiwa nyumba mtaa wa pili. Wa kwangu alilala bandani, na alifutwa vumbi kila asubuhi kabla mimi sijaulizwa nimeamkaje. Nilimwonea wivu, sitaficha. Siku Hia alipomnunulia zulia la miguuni la sufu, nilisusa kupika.

Miaka ya mwanzo bi mdogo hakuwa na neno. Ukiwa ndani husikii mvua, husikii malori, husikii hata shida zako. Kisha akaanza kudai. Springi zake za upepo zikawa zinavuja: jioni unamwacha amesimama, asubuhi unamkuta amelalia upande mmoja, na Hia anamzunguka akimbembeleza. Kioo cha nyuma kikajishusha chenyewe tukiwa harusini, na mvua ya Trang haibishi hodi. Nyaya chini ya boneti zikawa zinapukutika ukizigusa, mithili ya biskuti. Siku moja taa zote za onyo ziliwaka kwa pamoja kwenye dashibodi, nikapiga kelele. Hia akasema mwache, anasherehekea mwaka mpya.

Fundi wetu alikuwa Tui, mtu mnene, mvuta sigara, mwenye gereji nyuma ya soko la samaki. Alimfungua bi mdogo mara nyingi kiasi kwamba nilimwambia anamjua mwilini kuliko Hia. Spea mpya zilipokosekana, alizitoa kwenye magari yaliyokufa. Pampu ya huyu, swichi ya yule. Bei ya mpira ilipoanguka, Hia akakubali aibu kubwa kuliko zote, bi mdogo akafungiwa mtungi wa gesi kwenye buti. Tangu hapo hakuegesha mjini ila buti limeelekea ukutani. Muuza kahawa akagundua, akampigia kelele barabarani, "Hia Wichian! Mjerumani wako siku hizi anakula gesi ya kupikia? Niletee sufuria nikukaangie mayai!" Hia hakunywa kahawa pale kwa mwaka mzima.

Halafu kitambaa cha dari kikaachia gundi, kikaanza kuning'inia. Gari jingine lolote, unakwenda kwa mshona viti, anabandua, anabandika kipya, kesho unaondoka. La kwetu lilikuwa na alama za Luang Po Serm, na Luang Po alishafariki. Nani abandue? Hia hakutaka hata kusikia. Alikuja chumbani, akachukua pini zangu za kushonea zenye vichwa vya rangi, akakibana kitambaa kile hapa na pale, na mimi nikakaa miaka mingi nikiendeshwa chini ya chandarua. Mle ndani kulinuka mpira wa moshi, ngozi kuukuu, mashada ya asmini na mafuta ya nguruwe. Wageni walifungua madirisha. Sisi hatukuisikia tena harufu ile, ilishakuwa ya kwetu.

Mpira ulishuka, ukashuka tena, tukafunga ghala. Kisha Hia naye akaanza kushuka. Kwanza alipoteza majina. Halafu siku moja alikwenda kupima mpira kwa mkulima aliyefariki zamani, akaketi mbele ya nyumba ya mjane wake hadi jioni, akilaumu kwamba mzee yule siku hizi hana ahadi. Daktari alitueleza taratibu, mimi na binti yetu Pui, kwamba ugonjwa wa kusahau haurudi nyuma. Pui anafanya kazi Bangkok. Alikuja, akamnyang'anya baba yake ufunguo akilia, akanikabidhi mimi. Ndipo nikajifunza kuendesha, bibi kizee mzima, mguu mmoja kwenye breki na mwingine kaburini.

Kufikia wakati ule Hia alikuwa ameshanisahau. Siku ya kwanza nilipompeleka kliniki nilimpandisha akiwa ananishukuru, shangazi hivi, shangazi vile. Nikafunga mlango. Kufuli zikavuta. Tukatoka getini, tukafika kwenye taa nyekundu, na nikamsikia anasema, "Muai, umeota mvi lini?"

Nilimgeukia. Alikuwa yeye. Macho yalikuwa yake, yenye dharau kidogo na mapenzi. Nikalia pale pale, taa ikageuka kijani, wa nyuma yangu wakaanza kupiga honi. "Waache wapige," Hia akasema. "Zikiharibika watanunua nyingine."

Tangu siku hiyo sikuwa na ombi jingine. Sikuomba apone, daktari alishanikatalia hilo. Niliomba gari lisife kabla yake. Mimi niliyesusa kupika kwa ajili ya zulia, nikawa nainama kila asubuhi kumwomba bi mdogo awake. Pui alipokuja likizo nikampakia kiti cha nyuma ajionee. Baba yake akageuza shingo na kumwuliza, "Pui, kesho shule, mbona huna daftari?" Mtoto wa miaka arobaini akajibu, "Nitalichukua, Tia," yaani baba, akajifunika uso kwa mkoba wake hadi tunarudi.

Tui hakunificha. "Che Urai," aliniambia akijifuta mafuta mikononi, "dada yangu, gari hili ni marehemu, ila hajaambiwa."

"Basi usimwambie wewe."

"Giaboksi inakula vyuma vyake yenyewe. Injini inatema mafuta. Nikikaza huku, kunalegea kule."

"Si ndivyo tulivyo wote? Kaza."

Alikaza, akakaza, na bi mdogo akafa akiwa kazini. Ilikuwa asubuhi, tunakwenda kula nguruwe wetu, mahali ambapo tuktuk zetu zenye sura ya kichwa cha chura husubiri abiria. Palitoka mlio mmoja chini ya boneti, kisha kimya. Kiyoyozi kikazima. Madirisha hayakukubali kushuka. Hia akaniambia kwa upole, "Umemkaba, Muai," na tukaketi.

Nilijua nikifungua mlango itakuwaje, kwa hiyo sikufungua. Jua lilikuwa juu ya paa. Shati la Hia lilimgandama mgongoni, uso ukawa mwekundu, na bado alikuwa akinihadithia juu ya mhasibu wetu wa zamani aliyekuwa akila embe mbichi ofisini. Madereva wa tuktuk wakaja kugonga kioo. Nikawatikisia kichwa. Tui akafika na pikapu, akaweka uso wake mkubwa dirishani. "Che! Utamwua mtu humo! Fungua!"

Nikafungua. Hia akashuka, akasimama kwenye lami akipepesa macho. Nilimshika mkono, akautoa polepole asije akaniudhi. "Shangazi," akanong'ona, "watu wanatuona."

Pui alikuja wiki ile ile. Alitaka kununua gari jipya, dogo, la kuendesha bila presha, na nikamwambia akinunua atalala nalo yeye. Tukakubaliana. Tui aliijua injini ya Kijapani iliyotoka kwenye pikapu iliyopata ajali, na giaboksi yake. Wengi mjini wamefanya hivyo kwa Wajerumani wao. Atamtoa bi mdogo moyo na kumwekea mwingine.

"Injini tu, Pui," nikamwambia. "Ndani asiguse mtu. Hata pini."

"Nimeelewa, Ma. Hata mimi namtaka Tia anayeniuliza daftari."

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko ahadi, si unawajua mafundi. Masika ikaingia. Nikabaki nyumbani na mume asiyenijua hata dakika moja kwa siku, nikagundua kuwa ule mwendo mfupi wa asubuhi ndio uliokuwa ukinishikilia. Yeye naye aliharibika haraka. Alianza kuniogopa. Alificha sahani yake chini ya kitanda nisije nikala. Asubuhi moja alinikalisha chini kwa heshima zote na kuniomba nitafute kwingine pa kukaa, kwa sababu mkewe anarudi na hatapenda.

Nilijaribu kila ujinga. Nilileta karatasi ya mpira wa moshi kutoka kwa jirani, nikamwekea mapajani. Niliweka viti viwili bega kwa bega sebuleni, nikatundika shada la asmini, nikafunga mlango wa chumba na kufanya sauti ya kufuli kwa mdomo, vuuup. Hia aliniangalia, akacheka hadi mabega yakatikisika. "Shangazi," akasema, "wewe umechangamka kweli." Na mimi nikacheka, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku gari liliporudi mvua ilikuwa imepumzika. Pui aliendesha mwenyewe kutoka gereji, Tui nyuma yake na pikapu, wote wawili wanatabasamu kama wanaleta bibi harusi. Rangi inang'aa. Injini haisikiki. Shada jipya la asmini mbele. Nikafungua mlango, na harufu ya gundi na plastiki ikanipiga usoni.

Viti vilikuwa vipya, ngozi laini ya rangi ya maziwa. Mbao za mlangoni mpya, hazina ufa. Dari imetandazwa sawasawa, nyeupe, na juu ya kiti cha dereva alama za unga zimenyooka kama zimepigwa rula.

"Pui," nikasema. "Pui, nilikwambia nini?"

Tabasamu likamtoka. "Ma, maji yaliingia gereji. Usiku mmoja tu, yakafika hadi kwenye viti. Niliporudi kuangalia, ndani mote mmeota ukungu, mweupe, mrefu hivi. Daktari alisema Tia na kifua chake akivuta ule ukungu mara mbili tatu tumemzika. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekuja kukaa mle ndani na ukungu wako, nakujua." Akaanza kulia. "Sikutaka uone. Nilitaka uone likiwa zuri."

Tui alikuwa akizungusha sigara ambayo hajaiwasha. "Che, kitambaa hatukukitupa," akasema. "Nisingethubutu. Tulikipeleka hekaluni, tukakiweka chini ya mti wa bodhi pamoja na vitu vingine vitakatifu vilivyochoka. Tukawasha ubani. Mtawa mkuu mpya akaja mwenyewe kuchora. Kila kitu kimefuata taratibu."

"Kimekaa chini ya mti tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa masika."

"Na ngozi ya viti?"

Akatazama moshi wa takataka uliokuwa ukitoka kwa jirani, nami nikaelewa. Nilitaka kuwazaba vibao wote wawili, na nilitaka kuwakumbatia, na sikuwa na nguvu ya kufanya lolote kati ya hayo. Hawakukosea mahali. Kitambaa kitakatifu hakichomwi, hakitupwi, kinarudishwa hekaluni. Hata mimi ningewaambia hivyo hivyo. Nikaenda kumchukua Hia.

Alikuja kwa hiari, alipenda kutembezwa. Nikamfungulia mlango wa kushoto. Akapangusa viatu vyake kwa mkono kabla ya kuingia. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, mikono juu ya magoti. Nikazunguka, nikaingia upande wangu, Pui akaingia nyuma, milango ikafungwa. Kufuli zikavuta kwa mvumo ule ule, maana hizo Tui hakuzigusa. Sote watatu tukashusha pumzi.

Hia akatazama juu. Akavuta hewa puani. Akapapasa mbao za mlangoni, vidole vikaenda, vikarudi, vikaenda tena vinatafuta.

"Hia," nikamwambia. "Nimefunga geti la nyuma. Na gesi nimezima."

"Vizuri," akasema. "Lazima mtu awe mwangalifu." Kisha akamgeukia Pui kwa kichwa chote, kama tajiri anavyomsalimia tajiri mwenzake. "Gari zuri sana hili, binti. La kwako?"

"La kwako, Tia."

Akacheka. "Mimi nitoe wapi? La kwangu lipo nyumbani, jeusi vilevile, ila limechoka. Lina harufu." Akashusha sauti. "Mke wangu halipendi."

Pui akafungua mlango na kushuka, akaenda zake jikoni mkono mdomoni. Tui alibaki amesimama uani na sigara yake. Nilimshushia kioo, madirisha yote sasa yanafanya kazi, nikamwambia arudi kwake, amefanya kazi nzuri. Ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikawasha injini ya Kijapani na kutoka getini, kwa sababu nilijiambia labda ni mwendo anaouhitaji, zile kona, ile barabara, nguruwe.

Sijapata kuendesha vizuri kama asubuhi ile. Gari halikutikisika, halikulalamika, halikuomba kitu. Kwenye kila kona nilimtazama. Alikuwa akifurahia safari, akisoma mabango kwa sauti ya chini, akinisifu. "Shangazi, unakanyaga breki taratibu kabisa," akasema. Miaka yote hajawahi kuzisifu breki zangu. Mkahawani msichana alitupitishia nyama na kahawa dirishani, Hia akakataa kula, akasema si adabu kudondosha mafuta kwenye viti vya watu. Akaishika nyama mapajani ndani ya karatasi yake hadi ikapoa.

Nilipiga kona kurudi kwa njia ya ghala letu la zamani. Nilitaka alione. Sasa ni duka la vigae, lakini mti wa mlozi bado upo mbele yake. Akagonga dirisha kwa kidole kimoja.

"Shangazi, hapa panatosha."

"Hapa pana nini?"

"Nishushe tu. Nimekusumbua vya kutosha. Mke wangu atapita kunichukua."

"Nitakufikisha mimi hadi kwake."

"Hapana, hapana." Alikuwa mpole, alikuwa hata anaona haya. "Akinikuta kwenye gari la mwanamke mwingine nitalala nje. Humjui yule."

Nikaendelea kuendesha. Akashika kitasa cha mlango, na niliona kuwa ataufungua gari likiwa linakwenda. Nikaegesha kando. Akashuka taratibu, akaiweka ile karatasi ya nyama juu ya kiti asikichafue, akaifikiria, akaichukua tena. Akaunganisha viganja kifuani na kuniinamia, salamu ndefu ya kumshukuru mtu usiyemjua. "Nenda salama," akasema. Kisha akaenda kusimama chini ya mlozi, uso umeelekea upande ambao magari yanatoka.

Nilikaa nyuma ya usukani. Sijui niliwaza nini. Malori ya mpira yalipita, jua likazidi, na kila gari jeusi lilipojitokeza Hia alinyoosha shingo, kisha akairudisha. Alikuwa hana wasiwasi hata kidogo. Nilizima injini, nikashuka, nikavuka ule ukingo wa majani, nikasimama karibu naye juani kwa kuwa sikutaka kumwogofya.

Akanitazama. "Na wewe unamngoja mtu?"

"Mume wangu."

"Anachelewa?"

"Anachelewa."

Alitikisa kichwa kunihurumia. "Basi tungoje wote," akasema, akasogea kunipisha kivulini.